Mwalimu, toa mkono kwenye karatasi ya mtoto

Juzi nilikaa nyuma ya darasa la sanaa, natazama tu. Ukutani mabango ya rangi: kila mtoto ni msanii, sijui ubunifu hauna mipaka. Safi. Chini ya mabango hayo mtoto mmoja kachora meza, miguu yote minne imetanuka huku na huku kama mjusi. Mwalimu akapita, akacheka kidogo, akamnyang'anya penseli. Raba ikapita, miguu miwili ikapotea, miwili iliyobaki akainyoosha. "Umeona? Meza iko hivi." Akaenda zake. Mtoto akaigeuza karatasi, akaanza kuchezea kamba ya kiatu.

Ati iko hivi! Meza ina miguu minne. Mtoto kaihesabu na kaionyesha yote. Aliyeficha miwili ni mwalimu. Viktor Lowenfeld, mtaalamu wa elimu ya sanaa, alishalieleza jambo hili tangu mwaka 1947: mtoto wa miaka 7 au 8 huchora anachokijua kuliko anachokiona. Ndiyo maana anga kwake ni mstari wa buluu juu kabisa ya karatasi, ardhi ni mstari mwingine chini, na nyumba ina ukuta lakini unawaona watu walioketi ndani. Hajakosea, ana mpango wake. Kuanzia miaka 9 hivi ataanza mwenyewe kuona kwamba mchoro wake haufanani na kitu chenyewe, na hapo ndipo wengi huweka penseli chini moja kwa moja. Sasa huyu aliyefutiwa mapema anafika umri huo akiwa na ushahidi mkononi: hata mwalimu alisema sijui kuchora.

Haya, nakubali kwa shingo upande kwamba ufundi hufundishwa. Mtoto wa miaka 11 akikuuliza namna ya kuchora vidole vinavyoshika kikombe, kumjibu "chora unavyojisikia" ni uvivu. Mfundishe. Lakini chukua karatasi yako, kaa kando yake, chora hapo, mweleze kidole gumba kinaanzia wapi, kisha ondoka na karatasi yako. Ya kwake usiiguse. Na msiniambie darasa limejaa. Kutogusa hakuli hata dakika moja.

Halafu lile swali la "Hii ni nini?" Liacheni, jamani. Mtu kahangaika kipindi kizima, wewe unamwambia kiungwana kwamba hakieleweki. Sema unachokiona: "Hapa umekandamiza sana rangi nyeusi." Nyamaza. Atakusimulia mwenyewe, na mara nyingi hadithi yake ni nzuri kuliko mchoro.

Kuhusu maonyesho: bandika kazi za wote au usibandike kabisa. Wale watatu wa kila siku wanajulikana hata bila ukuta. Vifaa? Mkaa na upande wa ndani wa boksi lililokunjuliwa vinatosha kuanzia. Na kelele za kuazimana rangi nyekundu si utovu wa nidhamu.

Raba nazo zikusanyeni mwanzoni mwa kipindi. Watalalamika, tena sana. Waambieni mstari uliokwenda kombo waupitishie mwingine kando yake, yote miwili ibaki. Na walimu wenye mikono myepesi watangulie kusalimisha zao.