Kati ya ahadi ya jukwaani na daraja la Jangwani

Mvua ikikesha, asubuhi Jangwani, bondeni mwa mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, hapapitiki. Mabasi ya mwendokasi yanaishia Magomeni, abiria wanashuka. Wengine wanakunja suruali, wengine wanawalipa vijana wa mikokoteni wawavushe hadi upande wa pili, kituo cha Fire. Juu ya mkokoteni mmoja nilimwona mama kampakata mwanawe mwenye sare za shule, viatu vya mtoto kavishika mkononi, maji yamefika nusu ya tairi. Hapo ndipo watu huulizana: lile daraja tuliloahidiwa liko wapi?

Swali ni la haki. Lakini wanaotetea ujenzi wa taratibu nao wana hoja, na ina uzito kuliko tunavyopenda kukiri. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwendokasi ilipoanza kubeba abiria mwaka 2016, karakana yake ilikuwa imejengwa hapohapo Jangwani, kwenye njia ya maji. Ikafurika, tena si mara moja. Leo mradi wa Bonde la Msimbazi umebeba na mzigo wa kuihamisha. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na unashuka na mchanga na taka za mji mzima; ukijenga daraja bila kushughulikia huko juu, tope litalifuata. Kwa hiyo upembuzi yakinifu na usanifu vichukue muda wake. Sina ugomvi na hilo.

Ugomvi wangu uko kwingine. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo mwaka 2022, miaka 11 baada ya mafuriko yale. Mtu aliyekaa bondeni muda wote huo hakuwa anasubiri mhandisi, alikuwa anasubiri kauli. Nyumba ikishathaminiwa ili alipwe fidia ahame, mwenyewe haezeki bati jipya, mpangaji hakai, na hathubutu kununua kiwanja Chanika kwa hela asiyojua itaingia lini. Sheria inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita, ikichelewa iongezwe riba. Akienda kuuliza anaambiwa mchakato unaendelea. Mchakato upi? Uko kwa nani?

Tazama Kigamboni. Daraja lile lilizungumzwa kwa miongo, watu wakapanga foleni za pantoni mpaka wakazeeka. Ujenzi ulianza 2012, na Aprili 2016 likazinduliwa, mita 680. Mkondo wa bahari ulikuwa uleule na shida ileile. Kilichoongezeka ni fedha yenye mwenyewe, mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF ukibeba sehemu kubwa na serikali ikamalizia. Ndiyo maana mgombea akiahidi daraja, swali la kwanza liwe hela inatoka fungu gani, kabla hatujapiga vigelegele.

Mkandarasi akiingia kazini huweka bango: jina lake, siku ya kuanza, siku ya kumaliza. Bango la namna hiyo lingekuwepo tangu ahadi inapotolewa, pale kwenye ubao wa serikali ya mtaa, Kigogo na Mchikichini: hatua iliyofikiwa, ofisi yenye faili, tarehe ya hatua inayofuata. Tarehe ikisogezwa, sababu iandikwe palepale chini yake. Hilo halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.