Jirani atia injini ya Mark Two kwenye Celica, mie ndio silali

Hebu niulize jamani, mtu una gari lako la spoti la zamani, milango miwili, rangi ya machungwa, asubuhi wapiga ufunguo mara moja linawaka, ni jini gani akupandaye ukasema injini hii ndogo, natoa natia kubwa? Mie naendesha tuktuk hapa Malindi. Injini yangu cc 200 hazifiki. Nabeba abiria watatu, nabeba mama wa Barani na gunia lake la nazi na mtoto juu ya gunia, na sijawahi hata siku moja kuwaza kutia ya lori.

Jirani yangu huku Maweni ana Toyota Celica, lile toleo la kwanza kabisa lililoanza kuuzwa mwisho wa 1970, cc 1600, silinda nne. Kainunua kwa Mtaliano mmoja mzee aliyekuwa auza kila kitu arudi kwao, mpaka feni za darini aliuza. Gari likaja mtaani, watoto wakalishikashika, kina mama wakasema mashallah, tukajua yameisha. Wapi! Haukupita muda kaja na injini ya Mark Two, saluni ya Toyota, injini yenyewe yaitwa 1JZ, silinda sita kwa mstari, cc 2500, eksi-Japani, ikaletwa na mkokoteni ikashushwa barazani. Barazani pale pale tunapokaa kunywa kahawa! Sasa ukija unaikuta imefunikwa gunia imekaa mahali pako, na mkewe kaanza kuianikia matambara, na mwenyewe akiona apiga kelele ati maji yataingia kwenye tundu za plagi, na mkewe naye amjibu basi ihamie chumbani mulale nayo.

Basi tangu hapo baraza si baraza tena, ni bunge. Zamani tulikuwa twazungumza mambo ya maana, nani kaoa, nani kaachwa, kwa nini samaki wazuri wote waenda mahotelini na sie twabakishiwa miba. Sasa ni injini tu kuanzia alasiri mpaka isha, na muuza kahawa naye kageuka mtaalamu, akumiminia kikombe huku akuuliza wewe uko upande gani, na ukikosea upande kahawa yaja nusu.

Kuna mwalimu mstaafu, huyu ndiye kiongozi wa wale wasemao gari liachwe lilivyozaliwa. Mwalimu aliwahi kwenda Nairobi kwenye yale mashindano ya uzuri wa magari ya Concours pale uwanja wa farasi wa Ngong, yaliyoanza 1970, huandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo, na hajarudi mpaka leo, yaani mwili uko hapa lakini akili iko kule. Atuambia majaji wachungulia mpaka chini ya bodi, na akihadithia hapo kwenye chini ya bodi lazima ainame atuonyeshe, juzi kiuno kikashika tukamnyanyua watu wawili. Kwake yeye thamani ya gari la zamani ni namba ya injini kuwa ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ukishaitoa, asema, umebaki na bati na viti.

Wa pili ni fundi, ambaye ndiye atakayelipwa kuifunga hiyo injini kwa hivyo maoni yake sijui twayapimaje, lakini lazima niseme kweli, fundi yuwajua. Na hapa ndipo wanaponichosha kabisa, manake gari moja hilo hilo wote wawili walitumia ushahidi wake. Mwalimu alianza na MGB, kile kigari cha Waingereza cha cc 1800. Asema Waingereza hao 1967 walitaka nguvu, wakatia silinda sita ya chuma ya karibu cc 2900 wakaiita MGC, pua ikawa nzito, ukikata kona gari lataka kwenda mbele moja kwa moja, waandishi wa magari wakalisema, ikifika 1969 hawaliundi tena. Mwalimu akakaa, akanywa maji, akatuangalia ile ya kusema darasa limekwisha.

Fundi akacheka. Akasema mwalimu malizia hadithi bwana, mbona waikata katikati? Na akaimalizia yeye. Kumbe kulikuwa na fundi mmoja huko huko Uingereza, Ken Costello, alikuwa achukua MGB hiyo hiyo aitia V8, yaani silinda nane, ya Rover ya cc 3500, watu wakaipenda mpaka kiwanda chenyewe kikaona haya, 1973 nao wakatoa yao, MGB GT V8, wakaiunda mpaka 1976, jumla 2,591, na zote ni za paa, hakuna ya wazi. Sasa utasema ikiwa cc 2900 ilikuwa nzito, hii ya 3500 si ndio itachimba barabara? La! Ile V8 asili yake ni ya Buick wa Marekani, ni ya aluminiamu, uzito wake haukuzidi ile silinda nne ya chuma waliyoitoa. Injini karibu mara mbili ya ukubwa na pua ikabaki vile vile. Fundi akapiga goti. Muuza kahawa akamjazia mpaka juu.

Mwalimu akanyamaza kidogo, nikajua leo tutalala mapema. Kisha akauliza kwa sauti ya upole kabisa, sauti ile aliyokuwa atumia kabla ya kutandika watu, haya, na hiyo 1JZ tuliyoiegemea hapa, bloku yake ni aluminiamu?

Ni chuma. Wote twajua ni chuma, sie ndio tuliisukuma.

Hapo ungedhani mjadala umekwisha, na kwa watu wenye kazi ungekwisha. Lakini kuna kijana mwengine hapa alifanya kazi na Wataliano miaka mingi, atia ciao kila mahali hata msikitini, yeye akaingilia na Datsun. Ati Datsun 240Z je? Ilishinda mbio za Safari Rally 1971 na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, mtu wetu, sita kwa mstari cc 2400, na kule kwao Japani wenyewe wengi walikuwa wauziwa yenye cc 2000. Kwa hivyo ile tuliyoishangilia barabarani huku ilikuwa tayari ndiyo yenye injini kubwa, wenyewe waliitia kiwandani, nyie mwalia nini? Na siku hizi, asema, Ulaya na Marekani watu wazitia injini za RB26 za Nissan Skyline zenye turbo mbili, na wengine watia V8 za Chevrolet kabisa. Wee! Aliposema Chevrolet ndani ya Datsun, mwalimu alisimama akavaa viatu. Mtu mzima, mstaafu, aondoka barazani na kashata yake hajamaliza kwa sababu ya gari ambalo hakuna hata moja mtaani petu. Ikabidi mie nimfuate na tuktuk nimrudishe, bure.

Huyo kijana alipoona kamuudhi mzee akataka kupoza mambo, akasema Wataliano walifanya kinyume, na wallahi hii ndiyo niliyoipenda katika maneno yao yote. Ati kwao zamani gari la petroli likizidi cc 2000 kodi ilikuwa yapanda ile mbaya, basi Ferrari 1980 wakachukua gari lao la 308, V8 ya cc 3000, wakatia V8 ndogo ya cc 2000 isiyofika kabisa, wakaiita 208. Ferrari! Mwili ule ule, mlio ule ule, nguvu farasi 155 tu. Nikasema hao ndio watu wenye akili sasa, hao wana wake majumbani wanaouliza pesa zaenda wapi. Jirani hakucheka.

Wakanigeukia mie. Wewe dereva, sema. Nikawaambia mie nimezaliwa na Peugeot, marehemu baba aliendesha 504 za abiria Malindi kwenda Mombasa, na kama ni injini kubwa ndani ya gari la milango miwili basi la kuzungumza ni 504 ya V6, bodi ya Pininfarina, silinda nne zikapisha, 1974 ikaja V6 ya cc 2700 waliyoiunda Peugeot na Renault na Volvo pamoja, na gari hilo Mfaransa Jean-Pierre Nicolas akashinda nalo Safari 1978. Hata mwalimu hapo hana la kusema, manake ilizaliwa hivyo. Lakini baba alikuwa na neno lake moja. Alikuwa asema wacha wakimbie, tutakutana Kilifi. Maana kabla ya daraja la 1991 pale kulikuwa na feri, na mwenye V6 alisimama foleni nyuma ya lori la nazi, akapigwa na jua sawasawa na mwenye baiskeli.

Wakasema sijajibu swali.

Haya, jibu ni hili, na niliwaambia na nitawaambia tena. Mwazungumza kwenda, kusimama je? Ile Celica breki zake zilipigiwa hesabu ya cc 1600. Rejeta yake ni ya cc 1600. Difu, propela, klachi, vyote vya mtu mdogo, na yule mgeni wa silinda sita akikanyagwa pale kwenye lami ya Gede, cha kwanza kukatika ni kipi, twabahatisha? Na joto hili la Machi, injini ya chuma imebanwa mle ndani hewa haipiti, utachemsha maji ya chai kabla hujafika Sabaki. Na matuta je? Malindi hii kutoka sokoni mpaka Casuarina hujatia gia ya tatu ushapanda tuta, umeshuka, umepisha punda, umepisha mie. Hizo farasi zote waenda kuzifungulia wapi, ufukweni? Na logbuku, hati ya umiliki wa gari, akibadilisha injini lazima namba mpya iandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri, na wa bima naye aambiwe, la sivyo siku ya ajali akwambia mie nilikata bima ya gari jengine. Nani barazani aliyelisema hilo? Hakuna. Wote wako kwenye turbo.

Fundi akanijibu kuwa hayo yote yabadilishwa, breki watia za Mark Two, difu ya Mark Two, rejeta ya Mark Two, propela wakata wachomelea upya. Nikamwambia bwana mkubwa, ukisha tia vyote hivyo si umwambie jirani anunue Mark Two tu tukapumzike? Watu walicheka mpaka mwalimu akacheka, jirani akanuna kununa kwake kote.

Na hakusikia mtu. Juma lililopita wameitoa ile ya cc 1600, wakaitia 1JZ, na nilikuwapo kwa sababu tuktuk yangu ndiyo iliyozibiwa njia. Injini ndefu ile kuilazimisha mle ilikuwa kama kulaza kitanda cha harusi kwenye choo. Sampu, lile beseni la oili, yagonga chuma cha mbele, feni yagusa rejeta, wakaisogeza nyuma ikagusa ukuta wa dashibodi, fundi akaomba nyundo, mwalimu aliposikia nyundo akatoka kwenda kuswali na haikuwa saa ya swala. Usiku saa nne wakaiwasha ikiwa imening'inia, haina hata ekzosti, mlio ule mtoto wangu alishuka kitandani akajificha uvunguni, jogoo wa jirani wa pili akawika, na mie kesho yake alfajiri nna abiria wa kumpeleka kiwanja cha ndege.

Sasa boneti haifungi. Fundi asema itatobolewa, mwalimu asema akitoboa boneti ile ahama mtaa, kijana wa ciao asema ikitobolewa ndio itapendeza, na jirani kanifuata mie ati nisaidie kuamua. Nikamwambia kabla ya boneti tumalize la giaboksi. Manake hiyo 1JZ ilikuja na giaboksi yake mbali, nikaibeba mie kutoka stendi ya basi, ikaninyunyizia oili viti vyote vya nyuma, nauli mpaka leo sijaiona. Aniambia ngoja gari litembee ami, siku ya kwanza nakupeleka Watamu na kurudi bure, wewe na mama watoto, dakika kumi tumefika.

Nimemwambia mie nataka shilingi mia tatu zangu. Watamu nna tuktuk.