Hundi ya Mapema

Mtu akigongwa na gari, ndugu wakishapiga simu, anayefuata mara nyingi ni kampuni ya bima ya aliyemgonga. Sauti ni ya upole. Wanampa pole, wanauliza hali, kisha wanamwambia kuna fedha ziko tayari, imebaki sahihi yake tu. Wengi huisifu huduma ya namna hiyo. Mimi naona hakuna hatua inayomgharimu majeruhi kama hiyo, na ningependa ipigwe marufuku kila mahali.

Marufuku ya aina hiyo ipo tayari, angalau kwa jeraha moja. Tangu tarehe 31 Mei 2021, kampuni za bima za England na Wales haziruhusiwi kutoa ofa ya fidia kwa mtu aliyeumia shingo kwa kurushwa mbele na nyuma ndani ya gari mpaka iwepo ripoti ya kitabibu. Mabadiliko hayohayo yalishusha sana viwango vya fidia yenyewe, kwa hiyo siwapigii makofi ya moja kwa moja. Ila kuhusu ripoti, walipatia.

Sababu iko mwilini. Mlango wa gari uliobonyea unaonekana papo hapo, lakini misuli na kano zilizovutika huweza kuanza kukaza baada ya saa kadhaa, au kesho yake, mshtuko ukishapoa. Eksirei inaonyesha mifupa vizuri, ila haikuonyeshi msuli uliochanika. Mtikisiko wa ubongo nao hujificha: mtu anatembea, anaongea na wageni, anatia sahihi, halafu siku zinazofuata anaanza kupoteza maneno, mwanga unamuumiza, usingizi hauji. Huyo ndiye anayeulizwa kwenye simu kama kiasi kile kinamtosha.

Niliwahi kushika hati ya namna hiyo, ya jamaa yangu aliyefungwa bandeji mkono wa kuandikia. Ukurasa mmoja. Kiasi cha fedha kilikuwa kwa herufi nene. Chini yake, kwa herufi za kukodolea macho, alikuwa anakubali kwamba amelipwa kwa madhara yote ya ajali ile, anayoyajua na asiyoyajua, ya sasa na ya baadaye. Alitaka nimshikilie karatasi asaini kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia tumsubiri daktari. Alininunia, na sikumlaumu, maana bili zilikuwa zimeshaanza kuja. Lakini hati kama hiyo ukishaitia sahihi, kwa kawaida kurudi nyuma hakuna. Bega likihitaji upasuaji mwakani, utajilipia.

Simsemi vibaya anayepiga simu. Ni mwajiriwa, ana rundo la mafaili, na kazi yake ni kuyafunga. Tatizo ni kwamba kwenye bima ya mtu wa tatu, aliyeumia si mteja wa kampuni ile. Mteja ni aliyekatiwa bima, yaani aliyekugonga, na kampuni inalinda mfuko wake na wa mteja wake. Kampuni yako mwenyewe ni jambo lingine: mkataba wenu kwa kawaida unakutaka utoe taarifa mapema na ushirikiane nayo. Ile ya upande wa pili, ikiomba kukurekodi maelezo, mara nyingi huna wajibu wa kukubali, na mimi singekubali kabla ya kuongea na wakili.

Maana tazama mazungumzo yanavyokwenda. Unaulizwa, "Unaendeleaje?" Unajibu, "Sijambo, namshukuru Mungu," kwa adabu tu, huku umeegemea mto kwa sababu mgongo haukubali kukaa wima. Kwenye faili linaingia jibu la kwamba hujambo. Unaulizwa ulikuwa unaendesha kwa mwendo gani, unakisia, na kisio lako linageuka ushahidi. Sehemu nyingi, kila kiasi cha kosa kitakachobandikwa kwako kinakata fidia. Kwenye majimbo machache ya Marekani, Virginia na Maryland yakiwemo, kosa lako dogo tu linaweza kukunyima yote.

Najua jibu la watu: fedha zinahitajika leo, subira hailipi kodi ya nyumba. Ni kweli, na hapo ndipo kampuni inapopata nguvu. Lakini dai la gari na dai la mwili linaweza kutenganishwa. Chukua malipo ya gari, mradi karatasi iseme wazi kwamba ni ya gari peke yake. Omba malipo ya awali kwa ajili ya matibabu. Kliniki usikose, maana pengo la wiki kadhaa bila matibabu litasomwa kama ushahidi kwamba hukuwa unaumwa. Na kwenye hesabu yako usiishie kwenye risiti za hospitali: kuna mshahara uliokatika, nauli, na yule ndugu aliyeacha kazi zake ili akuogeshe.

New Zealand waliamua kuachana na mvutano huu. Tangu 1974 aliyeumia kwenye ajali hamshitaki aliyemgonga ili alipwe fidia ya jeraha. Mfuko wa umma unasaidia gharama za matibabu, na asiyeweza kufanya kazi hupata hadi asilimia 80 ya kipato chake kila wiki, kosa liwe la nani. Mfumo huo una wanaoulalamikia, ila walau mgonjwa habishani na kampuni ya aliyemgonga akiwa kitandani.

Kwingine, jihadhari pia na kusubiri kupita kiasi. Kampuni ileile iliyokuwa na haraka ikishaona husaini hugeuka pole: faili liko kwa mkubwa, mhusika yuko likizo, tuma tena nakala. Wakati huo muda wa kufungua kesi unakwisha. Uingereza kwa kawaida ni miaka 3, California ni miwili, na kuzungumza na bima peke yake hakusimamishi hesabu hiyo. Muulize wakili tarehe yako ya mwisho mapema, na dai lipelekwe kwa maandishi, na ushahidi kwamba limepokelewa ubaki kwako.