Mlango Wangu wa Seoul Ulikuwa Unaimba

Mlango wa chumba changu Seoul haukuwa na tundu la ufunguo. Kule vyumba vingi vina kitasa cha namba: unafunua kifuniko, unabonyeza tarakimu zako za siri, unamalizia na kinyota, kitasa kinakuimbia kawimbo, umeingia. Ukitoka hufungi chochote, mlango unajifunga wenyewe nyuma yako. Mimi mtoto wa Tanga, niliyekulia kwenye komeo na kufuli la kutu, nikaona hapa ndipo nilipotakiwa kuzaliwa.

Januari, kitasa kikabadilisha wimbo. Kikaacha ule mfupi, kikaanza kupiga mwingine mrefu, wenye madaha, kila nikifungua. Nikafurahi, nikajua kimeshanizoea. Nikirudi kutoka chuoni jioni nilikuwa naucheza pale kizingitini, mabega tu, kabla ya kuvua viatu. Kuna siku jirani wa mkabala alinikuta nimekolea kwenye kiitikio, akainamisha kichwa kwa adabu akapita. Wakorea ni waungwana sana.

Kumbe betri zilikuwa zinaaga dunia. Ule wimbo ulikuwa wosia.

Usiku mmoja nilikuwa nimebandika maharage. Nje nyuzi 11 chini ya sifuri, ndani joto la Pongwe kwetu Tanga, maana nyumba za Korea zina mabomba ya maji moto chini ya sakafu, wenyewe wanaita ondol, na mtu anapashwa kuanzia nyayo. Kwa hiyo nilikuwa kifua wazi, kikoi kiunoni. Nikakumbuka taka.

Taka za kule ni somo la kusomea. Tangu 1995 unalipia kwa mfuko: wa taka za kawaida unaununua dukani, una jina la wilaya yako, wangu Gwanak, na ukiujaza kiasi gani ni juu yako na pochi yako. Mabaki ya chakula yana mfuko wake. Plastiki peke yake, chupa peke yake. Nikabeba mfuko wa mabaki, nikachomeka miguu kwenye ndala, nikasema ni hapo getini tu, kikoi kinatosha. Simu nikaiacha mezani.

Nikauweka mfuko, nikapanda ngazi mbio, nikafunua kifuniko. Kimya. Nikabonyeza. Kimya. Nikapuliza, nikasugua kwa kiganja, nikasoma bismillahi, nikabonyeza kwa kidole cha mkono wa kulia kwa heshima zote. Hata taa haikuwaka. Ukutani kulikuwa na vibandiko vya mafundi vitasa, vimebandikwa kila mahali kama kawaida ya mitaa ile, kila kimoja na namba yake ya simu. Namba za simu zilikuwa nyingi mno. Simu ndiyo ilikuwa ndani, na maharage.

Jirani wa mkabala nikamgongea, hakuwepo. Au alichungulia akaona yule mcheza mlangoni leo kavaa shuka.

Nikateremka hadi chini kwa bibi mmoja tuliyekuwa tunamwita halmoni, yaani bibi, kama anavyoitwa kila mwanamke wa umri wake. Mchana alikuwa akisukuma mkokoteni wa maboksi mlimani, akayauze kwa wanaonunua karatasi chakavu. Akafungua, akaniangalia kuanzia kichwani hadi ndala, akasema, “Aigo, chonggak!” Chonggak ni mimi, kijana asiye na mke. Kwa hali niliyokuwa nayo ilieleweka kwa nini sina.

Kikorea changu kilikuwa cha kuagizia chakula. Nikaanza kubonyeza namba hewani. Akafikiri nataka kupiga simu. Nikapitisha mkono shingoni kuonyesha kitasa kimekufa, akashika kifua: nani kafa? Nikaishiwa maneno na vitendo. Basi nikamwimbia. Nikauimba ule wimbo mrefu, mabega yakanitoroka yakacheza yenyewe. Kabla sijafika kiitikio bibi alipiga paja akacheka hadi akashika mlango. Wimbo wa betri kuisha! Nyumba nzima ilikuwa inaujua isipokuwa mimi.

Akachomoa msumarini kizibao cha pamba, cha zambarau na maua mekundu, kile ambacho mabibi wa Korea huvaa siku za kusindika kimchi, kabichi yao ya kuchachusha, akanivalisha na kunifunga vifungo mwenyewe. Kikaishia kitovuni. Tukashuka mlima wa Sillim, mtaa wetu, kwenda duka la usiku na mchana, yeye anatembea juu ya barafu kama yuko sebuleni, mimi nateleza na ndala nimemshika mkono. Wapita njia waliona bibi ananisaidia kuvuka barabara.

Kijana wa zamu ya usiku aliinua macho, akayarudisha kwenye simu yake, akayainua tena taratibu. Halmoni akamwambia neno moja. Akatoa betri ya mraba, ile ya volti 9. Bibi akatoa soksini noti za won elfu moja moja na kuzihesabu.

Getini akasimama. Akaubonyeza mfuko wangu wa taka kwa kidole. Akaufungua.

Mifupa! Nilikuwa nimekunywa supu ya kongoro juzi yake, mifupa nikaitia na mabaki ya chakula. Haifai: mabaki yale hutengenezwa chakula cha mifugo na mbolea, na mfupa hautafuniki, kwa hiyo ni taka ya kawaida. Haya yote alinifafanulia kwa kirefu, kwa kuonyesha meno yake, mimi nimechuchumaa nachambua mfupa mmoja mmoja barafuni huku harufu ya maharage yanayoungua ikishuka ngazi kutupokea.

Juu, akaibana ile betri kwenye vinundu viwili vya chuma chini ya kitasa. Taa ikawaka. Nikabonyeza, kikaimba, tukaingia kwenye wingu. King'ora cha moshi darini kilikuwa kimya. Nacho sikutaka kukiuliza habari za betri zake. Sufuria nikaitoa dirishani. Ndipo nikaona kitasa kwa ndani kinataka betri 4 ndogo, ambazo hatukununua. Nikauegemeza mlango na gunia la mchele nikarudi kwa yule kijana, safari hii na suruali, lakini kizibao bado. Bibi alikataa nikivue.

Na alikataa kukipokea hata kesho yake. Kwa kweli kina joto kuliko koti langu la bei mbaya, nikaanza kukivalia sokoni. Kituo cha basi nikamkuta bibi mwingine na chake, zambarau ileile, maua yaleyale. Akanitazama, akajitazama, akasogea nikae. Tukakaa na sare zetu kama kamati ya harusi, tukisubiri basi.