Hesabu ya ganda la matoke

Wanaotilia shaka uchumi wa mzunguko Uganda, yaani kugeuza taka kuwa bidhaa tena, hutanguliza hoja ya udogo: taka zetu hazitoshi kulisha kiwanda, na soko liko mbali. Kwa plastiki wana haki. Chupa zilizosagwa Kampala zikitafuta mnunuzi ng'ambo husafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Mombasa, na mafuta yakishuka bei, plastiki mpya nayo hushuka, nauli ikala faida yote.

Ila sehemu kubwa ya taka za Kampala ni maganda ya matoke, majani ya migomba na mabaki ya chakula. Ndizo zilizorundikwa Kiteezi, jalala la jiji, tangu 1996, hadi lilipoporomoka Agosti 10, 2024 na kuua watu zaidi ya 30. Mnunuzi wa kitakachotokana nazo, makaa ya kupikia na chakula cha kuku, anaishi hapa hapa: mama mwenye sigiri (jiko la makaa) Bwaise, mfugaji wa kuku Wakiso. Udogo wa nchi haumpunguzii mtu huyo haja ya moto wala chakula cha kuku.

Kinachoamua ni maji. Ganda bichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 80. Kilo 100 zikikauka sawasawa hubaki kama kilo 15. Zikichomwa ndani ya pipa lenye hewa kidogo, unapata kilo 4 au 5 tu za makaa. Nne au tano! Anayekodi lori kubeba ganda bichi hadi kiwandani amelipia safari ya maji, na hapo ndipo miradi mingi hufia. Ganda likaushwe pale pale linapomenywa, juu ya turubai, na msimu wa mvua wa Machi hadi Mei chini ya paa. Kisha makaa husagwa na kukandwa kwa uji wa muhogo, kilo 5 hadi 10 za unga kwa kilo 100 za makaa. Wengine huweka udongo kwa kuwa ni bure. Udongo hauwaki, unazidisha majivu kwenye ganda ambalo tayari lina majivu mengi, na mteja harudi.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani husikika kidogo: ganda lina mwenyewe. Wafugaji wa ng'ombe na nguruwe jijini hulinunua kwa gunia, na mwenye makaa akija na fedha, bei ya maziwa itapanda. Kweli, kwa hiyo ganda safi liende kwa mnyama kwanza. Lililochacha liende kwa funza wa inzi, ambao wakikaushwa huwa na protini karibu asilimia 40 na kupunguza mukene (dagaa) unaosagiwa kuku badala ya kuliwa na watu. Makaa yachukue linalokauka kwa urahisi.

Yote haya yanahitaji taka zitengwe nyumbani na sokoni, na mkataba unaomlipa mzoaji kwa tani unavunja jambo hilo. Anayeleta maganda yanayotiririka maji, yamechanganyika na vioo, hulipwa kuliko aliyeyatenga na kuyakausha.