Kuandikishwa shuleni ni hatua ya kwanza tu
Mwandishi wa makala yenu kuhusu elimu jumuishi anataka kila shule ya msingi jijini Dar es Salaam ipokee watoto wenye mahitaji maalumu, badala ya wazazi kutegemea shule chache zenye vitengo vya elimu maalumu kama Uhuru Mchanganyiko. Naunga mkono, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaitambua haki hiyo, lakini makala imempita mwalimu haraka mno. Mwanangu ana uoni hafifu. Kwa mihula miwili alihesabiwa kuwa mvivu kwa sababu hakunakili kazi za ubaoni, hadi mwalimu mmoja aliyesomea elimu maalumu katika chuo cha ualimu cha Patandi, Arusha, alipomhamishia dawati la mbele, akamwandikia maswali kwa maandishi makubwa na kumwongezea muda wa mtihani. Hayo hayakuhitaji bajeti (kalamu nene nilinunua mwenyewe Kariakoo), bali yalihitaji mtu aliyefundishwa kulitambua tatizo. Tena, darasa lenye wanafunzi zaidi ya 100 halimpi mwalimu nafasi hiyo, hata awe na moyo kiasi gani. Njia za viti mwendo ni muhimu, ila ningeomba halmashauri zianze kwa kumpatia kila shule mwalimu wa aina hiyo, na asihamishwe katikati ya mwaka kama alivyohamishwa wa kwetu.