Combat! na uchovu usiokatwa na matangazo

Nikiulizwa ni tamthilia gani ya zamani ya vita inayofaa kununuliwa kwa DVD na kuwekwa kabatini hata sasa, wakati watu wengi wanatazama kila kitu kwenye simu, jibu langu ni Combat!. Ni ya Marekani, ilirushwa na kituo cha ABC kuanzia tarehe 2 Oktoba 1962 hadi Machi 1967: misimu 5, vipindi 152. Vipindi 127 ni vya picha nyeusi na nyeupe, na msimu wa mwisho peke yake ndio wa rangi. Ukiacha vichekesho, hakuna tamthilia ya Marekani ya Vita Kuu ya Pili iliyokaa hewani muda mrefu kuliko hiyo. The Gallant Men, iliyoanza mwaka uleule kwenye kituo kilekile, ilizimwa baada ya msimu mmoja.

Lakini mimi siipendi kwa sababu ilidumu. Naipenda kwa sababu inaonyesha uchovu. Watu wake wamechoka tangu kipindi kinapoanza, na kinapokwisha wamechoka zaidi. Uchovu ni kitu kigumu sana kukionyesha kwenye televisheni, kwa kuwa unataka muda: mtu atembee, akae, anyamaze, avute sigara, ainuke tena bila kupenda. Ukipunguza muda huo umebaki na milio ya bunduki, na milio ya bunduki iko kila mahali.

Mambo yenyewe ni machache. Kikosi kidogo cha askari wa miguu wa Marekani kimeingia Ufaransa baada ya kuteremka Normandy tarehe 6 Juni 1944, na kinasonga mbele kijiji baada ya kijiji. Anayewaongoza uwanjani ni Sajenti Saunders, aliyeigizwa na Vic Morrow. Juu yake yuko Luteni Hanley, yaani Rick Jason. Chini yao wako Caje, Kirby, Littlejohn na tabibu wao wanayemwita Doc. Majenerali huwaoni na ramani kubwa za mishale huoneshwi. Kila kipindi kina amri moja: kashikeni daraja, kamchukueni mateka, lindeni nyumba ile mpaka asubuhi. Watu wanatumwa, wanakwenda, wanarudi wakiwa pungufu. Kesho wanatumwa tena.

Aliyeibuni ni Robert Pirosh, na alijua alichokuwa anakisema, maana alipigana Ulaya akiwa sajenti wa jeshi la miguu. Kabla ya hapo alikuwa amepata Oscar kwa kuandika filamu ya Battleground ya mwaka 1949. Waigizaji wakuu nao, kabla ya kamera kuwashwa, walipelekwa wiki nzima kwenye mafunzo ya jeshi huko Fort Ord, Kalifornia. Inaonekana. Tazama wanavyoshika silaha: hawazipungi, wanazibeba kwa namna ya mtu aliyebeba mzigo huo tangu alfajiri na anatamani kuutua.

Nyota wa yote ni uso wa Morrow. Saunders hasemi sana. Akitoa amri anayojua itamuua mtu, anaitoa kwa sauti ya chini kisha anageuka, na kamera inabaki naye sekunde kadhaa baada ya kugeuka. Sekunde hizo ndizo ninazozilipia. Kipindi cha "Survival" cha mwaka 1963, kilichoongozwa na Robert Altman, kimejengwa karibu chote juu yake. Saunders ameungua mikono, amepotezana na wenzake, akili imeanza kumpotea, na anazunguka peke yake kwenye nchi iliyojaa maadui. Maneno ni machache mno. Inafika mahali anabeba maiti ya askari wa Kijerumani akidhani ni ndugu yake. Altman aliongoza vipindi 10 vya msimu wa kwanza, kabla ulimwengu haujamjua kwa filamu kubwa, na ukivipata mfululizo unaona mtu anayejaribu kila usiku kuona televisheni itamvumilia kiasi gani.

Hapo ndipo diski inapoingia. Kipindi kimoja cha Combat! kina kama dakika 50, kwa sababu ndivyo saa ya televisheni ilivyogawanywa miaka ile. Baadaye vituo vya marudio vilitaka matangazo mengi zaidi ndani ya saa hiyohiyo, na dakika za kuyaweka zilipaswa kutoka mahali fulani. Fikiria mhariri anayetafuta dakika 3 za kutupa. Mlipuko hataugusa, wala kifo. Atakata kutembea, atakata ukimya kabla ya amri, atakata Saunders akigeuka. Yaani atakata tamthilia yenyewe na kuacha kelele zake. Ndiyo maana wapo watu waliowahi kuona vipande vyake na wakaniambia ni mchezo wa kawaida tu wa Wamarekani kuwapiga Wajerumani. Siwalaumu. Walichoonyeshwa ndicho hicho. Kampuni ya Image Entertainment ilipoanza kutoa DVD zake mwaka 2004, kila msimu ukigawanywa kwenye makasha mawili, kilichorudi kwa mtazamaji ni zile dakika za kutembea.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa wengi wetu tulijifunza kutazama vita ndani ya kibanda umiza. Benchi, deki, televisheni moja juu, watu 60 kwenye chumba cha watu 20, na sauti ya mtafsiri juu ya filamu. Ninawaheshimu sana watafsiri wale. Lufufu alikuwa msanii kamili, na bila yeye filamu nyingi zingetupita kando. Ila kazi ya mtafsiri wa kibandani ilikuwa kutoacha nafasi tupu: mtu akinyamaza kwenye filamu, yeye anasema. Tukazoea kwamba vita ni maneno na milipuko, na kwamba steringi hafi. Combat! unaitazama nyumbani, usiku, peke yako au na mtu mmoja mnayeelewana, na unaiacha inyamaze.

Kuna jambo jingine ninalolipenda mno. Wajerumani humo wanasema Kijerumani na Wafaransa wanasema Kifaransa, na chini ya picha hakuna maandishi ya kukufafanulia. Mzalishaji mwingine angewapa wote Kiingereza chenye lafudhi. Hapa umejibanza nyuma ya ukuta pamoja na Kirby, unasikia sauti mbili upande wa pili, na hujui kama wanapanga kurusha bomu au wanaulizana habari za chakula. Kirby naye hajui. Caje ndiye anayeelewa Kifaransa, na wakiingia kijijini wenzake wanamtegemea yeye. Pierre Jalbert aliyemwigiza alikuwa mtu wa Quebec, kwa hiyo lugha hiyo ilikuwa yake ya kuzaliwa. Mtazamaji wa Afrika Mashariki, aliyekulia kati ya lugha nne au tano, anaijua hali hiyo ya kumtazama mtu usoni ili ukisie anachosema. Mimi huwa narudisha nyuma sehemu hizo na kuzitazama mara ya pili, nikisikiliza sauti tu. Kwenye diski naweza.

Kama ni kipindi kimoja cha kumwonyesha mtu asiyeamini, basi ni "Hills Are for Heroes", sehemu mbili, za Machi 1966. Kiliandikwa na Gene L. Coon na kuongozwa na Morrow mwenyewe. Kikosi kinaamriwa kuteka kilima kinacholindwa na ngome za zege zenye bunduki za rashasha. Wanapanda, wanauawa, wanashuka. Wanapanda tena. Luteni Hanley anayetoa amri anaanza kuvunjika ndani, maana kila anapowapandisha anajua hesabu yake. Mwishowe wanakiteka. Kisha inakuja amri ya kuondoka, kwa sababu adui amepenya kwingine, na wanashuka kilima kilekile wakiwaacha wafu wao. Hakuna muziki wa ushindi. Ni saa mbili za televisheni ya jioni, zenye wadhamini, zinazomalizika kwa watu kurudi walikotoka, na zilionyeshwa wakati Marekani ikiendelea kupeleka vijana wake Vietnam. Zikitenganishwa kwa wiki moja na kukatwakatwa, nguvu yake inapungua nusu. Zitazame usiku mmoja, moja baada ya nyingine, uone.

Nikiwa hapo kwa Morrow: alifariki Julai 1982, akiuawa na helikopta iliyoanguka usiku wakati wa kurekodi filamu, yeye na watoto wawili aliokuwa nao kwenye tukio hilo. Tukio lilihusu kijiji cha Vietnam vitani. Siwezi kumtazama akikimbia chini ya milipuko ya kuigiza bila kulikumbuka.

Wapo watakaosema diski ni kitu cha zamani. Ninachojua ni kwamba diski nzuri hurudisha uamuzi mikononi mwa mtazamaji. M*A*S*H, ile ya hospitali ya jeshi Korea, ilirushwa miaka 11 ikiwa na vicheko vya kubandikwa ambavyo waundaji wake hawakuvitaka. DVD zake zinakuruhusu kuvizima, na ukivizima unapata kitu kingine kabisa, chenye huzuni, ambacho kilikuwa kimefunikwa. Diski mbaya nazo zipo. Tour of Duty, ya Vietnam, ilipotolewa kwa DVD Marekani mwaka 2004 iliondolewa wimbo wake wa mwanzo na nyimbo nyingi za enzi ile kwa sababu ya gharama za haki, na kwangu huo ni uharibifu mkubwa, kwa kuwa muziki ule ndio uliokuwa hewa ya wale vijana. Combat! ilisalimika kwenye hilo: muziki wake ni wa Leonard Rosenman, uliotungwa kwa ajili yake.

Mapungufu yake nayaona. Vijiji vya Ufaransa vilijengwa kwenye viwanja vya kampuni ya filamu ya MGM huko Culver City, na ukishatazama msimu mmoja unaanza kuzitambua kona: mtaa huu wamepigana wiki tatu zilizopita, kisima hiki nakijua. Wajerumani wakati mwingine wanalenga vibaya kupita kiasi. Msimu wa 5 rangi imekuja, na jua la Kalifornia limekuja nayo. Ule ukungu wa kijivu uliokuwa unawalinda watu wale umeondoka.

Na kikosi chote ni cha watu weupe. Hilo ni kweli kwa historia, kwa kuwa jeshi la Marekani lilikuwa limebaguliwa kwa rangi mpaka amri ya Rais Truman ya mwaka 1948. Lakini wakati Saunders anatembea Ufaransa, malori yaliyokuwa yakimpelekea risasi na chakula yaliendeshwa kwa sehemu kubwa na askari weusi. Na katika miezi ileile ya 1944, askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, watu wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, yaani Malawi ya leo, walikuwa wanalifuata bonde la Kabaw huko Burma, kwenye mvua na tope na malaria, mpaka wakafika Kalewa mwezi Desemba. Uchovu wao ulikuwa uleule. Amri zilikuwa zilezile: kashikeni daraja, kapandeni kilima. Kila nikimaliza msimu mmoja wa Combat! nawaza mtu wa kwetu angeweza kuwaandikia watu wa Keya tamthilia ya namna hii, isiyohitaji vifaru 100 wala ndege. Sajenti mmoja, watu sita, bonde, na Kiswahili cha jeshi ambacho ndicho kilichowaunganisha. Pirosh ameshaonyesha kwamba vinatosha.

Anayetaka kuanza ajue kwanza kwamba DVD hufungwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia zinakoruhusiwa kuchezwa: za Marekani ni kanda 1, nasi tuko kanda 5. Kabla ya kumwagiza ndugu akuletee kasha zima, hakikisha mashine yako inasoma kanda zote. Ukishaipata, usilazimike kufuata mpangilio wa kurushwa. Kipindi cha kuteremka Normandy, "A Day in June", kilionyeshwa Desemba 1962, miezi miwili baada ya tamthilia kuanza. Wewe unaweza kukiweka kwanza. Kisha "Forgotten Front", ambacho ndicho kilichofungua kwenye televisheni, kikosi kikiwa na mateka wasiyeweza kwenda naye wala kumwacha. Kisha "Survival". Ukifika msimu wa 3 utafute "The Enemy", ambamo Hanley amebaki na mtaalamu wa mabomu wa Kijerumani, anayeigizwa na Robert Duvall, kwenye kijiji kilichotegwa kila mahali. "Hills Are for Heroes" iache mpaka uwe umewazoea watu wote kwa majina, ili kila anayepandishwa kilimani uwe unamjua. Vile vya rangi viweke mwisho.